Apu ya mtu mmoja: jinsi ya kukusanya mahitaji kwa staili ya kliniki

Wengi wetu tunaotengeneza programu tumezoea kuuliza "watumiaji wanataka nini", tunaita watu kumi kwenye kikao, soda na sambusa zinapita, tunatoka na orodha ya vitu 40 afu tunarudi kwenye kompyuta. Kwa apu ya duka inatosha. Ila siku ukipewa kazi ya mtu mmoja, aliyepata kiharusi, au aliyeumia kichwa kwenye bodaboda, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hiyo njia inakufa mapema sana, maana hamna "watumiaji" hapo, kuna yeye tu, na kinachomfaa yeye jirani yake mwenye ugonjwa huohuo anaweza asikishike hata siku moja.

Kliniki wao hawana hiyo shida. Hakuna daktari anayekuandikia dozi ya wastani wa foleni nzima ya nje. Anakuuliza, anakupima, anakuandikia, anakwambia rudi baada ya wiki mbili. Na mi nasema hitaji la programu ya mtu mmoja, yaani kile ambacho programu inatakiwa kumfanyia, liandikwe hivyohivyo, kama dozi: lina jina la mtu, lina sababu, lina kipimo, lina tarehe ya kurudi. Likikosa kimojawapo hilo sio hitaji, ni maoni yako.

Akili hii sio yangu. Chuo Kikuu cha Oregon kule Marekani kulikuwa na mtu wa kompyuta, Stephen Fickas, alikaa na McKay Sohlberg ambaye fani yake ni kurudisha uwezo wa watu walioumia ubongo, wakawa wanatengeneza programu za baruapepe kwa watu ambao kumbukumbu imeharibika, na 2005 Fickas akaipa njia hiyo jina kabisa, uhandisi wa mahitaji wa kikliniki. Wakiwa na Alistair Sutcliffe, mtafiti wa mambo ya kompyuta wa Uingereza, wakaligawa hitaji kwenye ngazi tatu: yale ya kundi zima, yale yanayotokana na hali ya mwili na akili ya huyu mtu, na yale ya kwake binafsi, ambayo hata pacha wake hana. Afu kila ngazi unaiuliza, itabadilika vipi muda ukienda, na itabadilika vipi akihama sehemu. Shika hizo ngazi tatu, nitazirudia.

Nitaeleza kwa kutumia kazi niliyoifanya Moshi, mzee mmoja aliyepata kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kulia umelala na maneno yamegoma, ile hali wanaita afasia. Jina lake silitaji na baadhi ya vitu nimevigeuza.

Usiende peke yako

Tafuta mtaalamu anayemhudumia huyo mtu, mara nyingi ni wa tiba kazi, wale wanaofundisha watu kuvaa, kula, kuandika upya baada ya kuumia. Kama kuna wa tiba ya usemi mtafute pia, japo kwetu ni wachache mno. We huna leseni, usicheze udaktari. Kazi yako ni kukaa pembeni na daftari uangalie yeye anauliza nini na anaangalia wapi, utashangaa mambo utakayoyaona.

Ruhusa iandikwe kabla hujafungua kompyuta. Taarifa za afya ni nyeti kisheria, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Na ruhusa ni ya mgonjwa mwenyewe, sio ya mwanae anayelipia bando. Kwa mtu mwenye afasia hii inataka uvumilivu, na hapa ndo nilipopata somo langu la kwanza.

Tulifika, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Ndiyo." Nikacheka kidogo nikidhani ni utani. Nikamwuliza kama anaona vizuri skrini, akasema ndiyo. Kama maandishi ni makubwa mno, ndiyo. Madogo mno? Ndiyo. Dada wa tiba kazi akanivuta pembeni akaniambia, "Kaka, hiyo ndiyo yake usiibebe hivyo. Neno linalotoka sio lazima liwe ndo analotaka."

Kwa hiyo swali lolote la muhimu liulize mara mbili kwa kuligeuza. "Unataka simu ikusomee?" halafu baada ya muda kidogo, "Tuache simu isikusomee?" Akikubali yote mawili, jibu huna. Tumia picha, tumia kidole gumba juu na chini, weka vitu viwili mezani achague kwa mkono. Na usiongee kwa sauti kubwa kama anaumwa masikio, hana shida ya masikio na wala sio mjinga, mzee huyu alikuwa anaelewa karibu kila kitu tulichokuwa tunasema, ni kutoa tu ndo kulikuwa kumeziba.

Historia: uliza siku yake, usiulize apu

Ukimwuliza mtu "unataka apu ifanye nini" atakujibu alichokiona kwa jirani. Uliza jana ilikuwaje. Kaamka saa ngapi, nani kampa chai, simu ilikuwa wapi, saa nne alikuwa anafanya nini, nani alikuja. Pitia siku nzima mpaka kulala. Unatafuta sehemu ambazo zamani alikuwa anafanya mwenyewe na sasa kuna mtu anamfanyia, au hazifanyiki kabisa.

Familia nayo iulize, lakini kwa karatasi yake. Usichanganye. Mke wake aliniambia moja kwa moja, "Mwanangu, sisi tunataka kitu cha kumkumbusha dawa za presha." Vijana wake pia, dawa. Mtaalamu akapanga kadi za picha mezani: dawa, chakula, redio, kanisa, simu, shamba, wajukuu. Mzee akaisukuma ya dawa mpaka ikaanguka chini. Akachukua ya simu, akailaza juu ya ya shamba, akabaki anaigongagonga na kidole.

Ilituchukua karibu nusu saa kuelewa. Kuna grupu la familia la WhatsApp. Yeye ndo alikuwa na kauli ya mwisho humo, akisema "ngojeni kwanza" watu wanangoja. Tangu augue yuko kimya, na vijana walikuwa wameanza kujadili kukodisha kipande cha shamba. Anaona meseji zinapita. Hawezi kusema hapana.

Hilo ndo hitaji la ngazi ya tatu. Hakuna dodoso ambalo lingelipata.

(Dawa tuliziwekea alamu ya kawaida ya simu, dakika tano, mama akaridhika. Usidharau mahitaji ya familia, ila yasipande juu ya ya mwenye mwili.)

Tathmini: pima kabla hujabuni

Hapa usikimbie. Vitu ninavyoviandika siku hizi ni mkono upi unafanya kazi na unatetemeka kiasi gani, kidole kinagusa eneo la ukubwa gani bila kukosea, anaona wapi na haoni wapi, anasoma neno moja au sentensi au picha tu, anakumbuka hatua ngapi zikifuatana, anachoka baada ya dakika ngapi na saa ngapi za siku yuko vizuri. Afu mazingira: simu gani, kioo kimepasuka wapi, chaji inatoka wapi, mtandao unashika chumba kipi, nani anashika simu yake akiwa amelala. Pima kliniki, afu pima nyumbani. Kliniki kuna meza imara na mwanga, nyumbani simu ipo juu ya mkeka na mtoto anaing'ang'ania.

Kitu kimoja nikuonyeshe kwa karibu. Nilikuwa nimemwekea sentensi tayari kwenye WhatsApp, yeye abaki kubonyeza tuma. Anaangalia, anaangalia, anaweka simu chini. Mara tano. Mi nikaandika kwenye daftari "anasahau hatua ya mwisho" na tayari kichwani nilikuwa nabuni mishale na sauti ya kumkumbusha. Dada wa tiba kazi hakusema kitu, akatoa karatasi yenye mistari mifupi imetawanywa kila mahali, akampa kalamu mkono wa kushoto, "Mzee, kata kila mstari." Akakata. Mistari yote ya kushoto imekatwa, ya kulia haijaguswa hata mmoja. Mama akasema kumbe ndo maana kwenye sahani anabakiza ugali wa upande mmoja, nilidhani haupendi.

Kitufe cha kutuma kipo wapi? Chini kulia. Mzee hakuwa anasahau, kwake hicho kitufe hakikuwepo.

Ningeenda na daftari langu ningejenga mwezi mzima dawa ya ugonjwa ambao hana. Kwa hiyo sheria yangu sasa hivi ni kwamba neno "anasahau", "hataki", "hawezi" haliingii kwenye mahitaji mpaka mtaalamu awe amelijaribu kwa njia nyingine.

Lengo liandikwe kwa ngazi

Watu wa tiba kazi wana kipimo kilichotoka Kanada 1991, mtu anataja shida zake mwenyewe, anachagua zisizozidi tano zilizo muhimu, afu kila moja anaipa alama 1 mpaka 10 mara mbili: naifanya vizuri kiasi gani, na nimeridhika kiasi gani. Mwishoni unarudia, na ikipanda alama 2 au zaidi wanahesabu kuna mabadiliko ya maana. Naipenda kwa sababu kuridhika kumetengwa. Kuna mtu anafanya kitu vibaya na ameridhika kabisa, muache.

Baada ya hapo chukua lengo moja, au mawili, ulipasue kwa ngazi tano (hizi ni za kupimia, sio zile tatu za mwanzo). Hii waliianzisha Kiresuk na Sherman 1968 kwenye huduma za afya ya akili Marekani, na leo inatumika sana kwenye tiba ya kurudisha uwezo. Sifuri ni pale mnapotarajia kufika, chini yake ni pungufu, juu yake ni zaidi. La mzee lilikaa hivi, wiki sita:

−2: hajibu kabisa, au mtu anamjibia (yuko hapa leo)
−1: anajibu, ila mtu amshikie simu au amwonyeshe kitufe
0: anajibu mwenyewe kwenye grupu, mara 3 kati ya meseji 5 zinazomhusu
+1: mara 5 kati ya 5
+2: anaanzisha mwenyewe mjadala bila kuulizwa

Angalia hakuna neno "rahisi kutumia" humo, wala "rafiki kwa mtumiaji". Mtu yeyote akikaa sebuleni na kalamu anaweza kuhesabu. Ukishindwa kuandika ngazi ya −1 na ya +1 ujue lengo hujalielewa, rudi kwa mtu.

Afu hesabu wiki moja kabla hujaweka chochote. Hii watu wanairuka, na ndo maana baadaye hawawezi kusema kama ni apu iliyosaidia au mtu alikuwa anapona tu. Kiharusi hasa miezi ya mwanzo mwili unarudi wenyewe kwa kiasi, ukiweka apu mwezi wa pili utajisifia kazi ya Mungu.

Kuandika dozi

Sasa ndo unaandika mahitaji, na kila moja lina mstari wa "kwa sababu". Mfano wa ya kwetu:

Vitufe viwe vikubwa, kama sentimita 2, kwa sababu kidole cha mkono wa kushoto ambao hakuwa anautumia kinayumba. Android wenyewe wanapendekeza kitufe kisipungue milimita 9 hivi, hiyo ni ngazi ya kwanza, ya kila mtu. Sentimita 2 ni ngazi ya pili, ya hali yake. Na maneno yaliyo juu ya kitufe ni ngazi ya tatu.

Kila kitu cha apu kikae nusu ya kushoto. Simu isome meseji kwa sauti kwa sababu sentensi ndefu zinampotea. Kuandika kwa kuongea hapana, kwa sababu zilizo wazi. Simu ikae kwenye stendi na chini yake kipande cha mpira isiteleze, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kushika na kubonyeza.

Na kile kitufe cha WhatsApp cha kulia ambacho mi siwezi kukihamisha? Dada akatoa rangi ya kucha nyekundu kwenye pochi akapaka mstari ukingo wa kulia wa kava la simu. Mzee anafundishwa, geuza kichwa mpaka uone nyekundu. Hii ni mbinu yao ya siku nyingi, wanapaka hata pembeni ya kitabu. Haikuhitaji hata mstari mmoja wa programu, na nikwambie ukweli nusu ya dozi nzuri nilizoziona zilikuwa hivyo. Inauma kidogo kama we ni developa, utazoea.

Kwa upande wa kiufundi, usitengeneze apu mpya kwa kila mtu, utakufa nazo. Kiini kiwe kimoja, na kila mtu awe na faili lake la mipangilio: ukubwa wa vitufe, upande, maneno, sauti, kasi, mpangilio wa hatua. Kila badiliko kwenye faili liwe na tarehe, nani kaomba, na kwa nini. Yaani liwe kama faili la mgonjwa. Mtu wa pili akija unaanza na lake jipya, usinakili la wa kwanza eti kwa vile ugonjwa ni mmoja. Mi nilinakili mara moja, nikamwekea mama mmoja kila kitu kushoto, kumbe yeye upande asiouona ni wa kushoto.

Kuhusu sauti: vitufe vya mzee havikutuma maandishi, vilituma sauti. Na sauti tukaitoa kwenye voisi noti zake za zamani, grupu lilikuwa nazo za miaka. "Ngojeni kwanza." "Hapana." "Nitasema mwenyewe." Mtaalamu alinisisitiza ya kwanza ichezwe pale kliniki akiwepo yeye, isije ikachezwa nyumbani mbele ya watu. Alikuwa sahihi, mzee aliposikia sauti yake aliziba uso na ule mkono mzima, tukaacha, tukanywa maji, tukaendelea wiki iliyofuata baada ya yeye kuonyesha kwa kidole kwamba anaitaka.

Kuvalisha na kufundisha

Siku ya kumkabidhi ni kama fundi anavyokuvalisha suti, pini mkononi. Badilisha kitu kimoja, angalia, kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini. Toleo langu la kwanza lilikuwa na vitufe 24 kwa sababu nilikuwa na ari, mzee akavibonyeza vyote na grupu likapata "hapana" kumi na moja mfululizo. Tukashuka mpaka sita.

Kwenye kufundisha sahau ile "jaribu mwenyewe utazoea". Mtu ambaye kumbukumbu yake imeumia anaweza kujifunza kosa vizuri kuliko jibu, kwa hiyo usimwache akosee. Mwanzoni mshike mkono afanye sawasawa, afu punguza msaada kidogo kidogo: mkono, kidole cha kuonyesha, kisha macho tu. Na rudia kwa nafasi inayopanuka, baada ya sekunde 30, dakika 1, dakika 2, 4, 8. Akishindwa mwonyeshe papohapo na rudi kwenye nafasi ya mwisho aliyofaulu. Somo lisizidi muda anaoanza kuchoka, kwa mzee ilikuwa dakika 20 za asubuhi, mchana usimguse.

Mfundishe na mtu mmoja wa nyumbani. Mmoja. Wakiwa wanne kila mtu ana njia yake na mzee anachanganyikiwa. Sisi tulimchukua mjukuu wa darasa la sita, alikuwa na subira kuliko wote na hakuwa na maslahi kwenye shamba.

Jambo la pesa kwa simu usiliingize mapema. Menyu za kupiga nyota zinajifunga ukichelewa, na mtu wa polepole ataishia kumpa mtu mwingine namba ya siri. Kama ni lengo lake kweli, lipewe tathmini yake peke yake.

Kurudi

Wiki ya 2, ya 6, mwezi wa 3. Weka kwenye kalenda siku ileile ya kukabidhi. Hali ya mtu inapanda, inashuka, anahama kwa mtoto wake Arusha, simu inaibiwa, WhatsApp wanabadilisha sura na kila ulichofundisha kinahama. Angalia pia kile ambacho hakitumiki kabisa, kitoe. Na kama apu nzima haitumiki, uliza bila kununa, inawezekana amepona vya kutosha au imemchosha, dozi huwa inasimamishwa.

Mzee wiki ya sita alikuwa 0, sio +1, na kuridhika alijipa 8 kutoka 2. Mwezi wa tatu tulipofika, vitufe vitatu kati ya sita vilikuwa havijaguswa tangu tuondoke, tukavifuta mbele yake akiangalia. Akavuta simu, akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki wazi, akaanza kumwangalia mmoja mmoja wa vijana wake na kuinua nyusi. Mjukuu ndo aliyeelewa: anataka "Nani kasema?"

Tukarudi kwenye voisi noti. Tuliipata moja ya zamani, anagombana na mtu kuhusu mbuzi, na katikati hapo ipo, safi kabisa, nikaikata. Faili nikaandika tarehe, kaomba mwenyewe, sababu: shamba. Kurudi wiki nne.